Watoto Wachezao Mvuani

Masika yakifika huku mitelemkoni mwa Kilimanjaro, mvua hunyesha toka Machi hata Mei, na katika nyumba nyingi za Wakristo husikika neno moja: "Ingia ndani, utashikwa na homa!" Mimi nami nalikuwa nikilisema. Masika moja nalimchapa mwanangu kwa kuwa alirudi amelowa, kisha nikamketisha jikoni karibu na mafiga, akakohoa usiku kucha. Nikasema, Ni mvua hiyo. Moshi sikuutazama.

Basi na tulichunguze jambo hili. Malaria haitoki mawinguni. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, aliona vijidudu vya homa hiyo tumboni mwa mbu. Na mbu wa malaria huuma hasa usiku. Mtoto arukaye mvuani mchana haipati kwa kulowa. Aipata kitandani, asipolala ndani ya chandarua. Kichomi nacho huletwa na vijidudu, tena moshi wa kuni uliofungiwa jikoni hudhoofisha mapafu ya watoto na kukifungulia mlango. Basi twamtoa mtoto penye hewa safi, twampeleka penye hatari.

Siku moja naliketi barazani nikiwatazama watoto wa jirani. Walichimba mfereji ubavuni mwa njia, wakaugawa maji kama baba zao wayagawavyo katika mifongo, wakaelea mashua za gome la mgomba. Kizuizi chao kikabomoka. Wakagombana ni nani aliyekiharibu, wakapatana pasipo mzee kuwaamua, wakakijenga tena kwa mawe. Mdogo wao alianguka utelezini mara tatu. Mara ya nne alikaza vidole vya miguu, wala hakuanguka. Mwalimu gani angemfundisha hayo kwa chaki?

Nabii Zekaria alipoonyeshwa Yerusalemu uliorudishiwa amani (8:5), aliona watoto wakicheza njiani, si waliofungiwa nyumbani. (Sisemi kwamba siku ile ilikuwa ya mvua.)

Lakini tusiwe wajinga. Radi ikisikika, wote waingie nyumbani, wala wasijifiche chini ya mti. Mto uliofurika si mahali pa mchezo hata kidogo. Maji yaendayo kasi, yajapokuwa ya magotini, humwangusha mtoto na kumchukua. Wasicheze penye kinyesi, maana safura huingia kwa nyayo tupu. Na mtoto atetemekaye kwa baridi aitwe ndani upesi, akaushwe, apewe uji wa moto.

Nanyi wainjilisti, siku ya fundisho la watoto, mvua ikiwa ya manyunyu, msiwafungie darasani tangu asubuhi. Waacheni nusu saa kwanza. Mama mmoja aliniambia, "Mchungaji, nguo yake ni moja tu." Neno lake ni kweli. Tukashauriana, naye sasa humvika mtoto shati kuukuu la baba yake, lililokatwa mikono, na ile nguo ya Jumapili hukaa sandukuni.