Ghala la Manyoni la Kutosha Kiganjani

Seti nyingi za mbao za kujengea majengo madogo ya reli zimebuniwa na watu ambao hawajawahi kupambana na mchwa. Fungua boksi uone: paa la mteremko mkali wa kumwaga theluji, bomba la moshi, na jukwaa la kupakilia lililosimama juu ya nguzo za mbao zilizochimbiwa ardhini. Ile niliyoletewa na mpwa wangu kutoka Ujerumani ilikuwa hivyo hivyo. Ni ghala la bidhaa la stesheni ya kijijini, kipimo cha 1:87, vipande vyote vimekatwa kwa leza kwenye mbao nyepesi nyeupe. Kazi safi kabisa. Lakini ukiliweka kando ya reli ya Manyoni linaonekana kama abiria aliyeteremkia stesheni isiyo yake.

Naeleza hapa namna nilivyoligeuza likawa ghala la Reli ya Kati. Ukiwa na seti nyingine, ya nyumba au ya banda la injini, hatua ni zilezile.

Tuanze na njia, maana ndiyo inayoamua kila kitu. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita moja. Kwa 1:87, mita moja ni milimita 11.5. Njia inayofaa basi ni ile ya milimita 12, ambayo watu wa reli za mfano huiita HOm, na hutengenezwa hasa kwa wapenzi wa reli za milimani za Uswisi kama Rhätische Bahn, ambayo nayo ni ya mita moja. Ukinunua njia ya kawaida ya HO, ya milimita 16.5, hesabu inakupeleka kwenye milimita 1,435, yaani umejenga SGR. Hiyo nayo inapita mkoani kwetu Singida, lakini ghala la bati la kizamani kando yake litakuwa na maelezo mengi ya kutoa.

Tatizo pekee la njia ya Uswisi ni mataruma, ambayo kwa kawaida huigiza mbao. Huku Wajerumani walitandika mataruma ya chuma, kwa sababu mchwa wangekula ya mbao. Nilipaka yangu rangi ya kahawia iliyokolea ya kutu, kisha nikayazika kwenye kokoto hadi ibaki migongo tu. Na hayo mataruma ndiyo yaliyoniongoza kazi nzima. Kama mhandisi wa reli aliogopa mchwa kiasi hicho, aliyejenga ghala hakuogopa? Basi kila kipande cha seti nilikiuliza maswali mawili: mchwa watakufanyaje, na jua litakufanyaje?

Ghala langu si nakala ya jengo lililopo. Nimeliweka kwenye tawi la zamani la Manyoni hadi Kinyangiri, lililojengwa na Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kung'olewa muongo uliofuata. Reli ya sasa ya Manyoni hadi Singida mjini, kilometa 115 hivi, ilikuja baadaye sana. Nimejifanya tawi lile halikung'olewa na kwamba sasa tuko miaka ya 1970. Uzuri wa reli isiyokuwepo ni kwamba hakuna atakayesimama mbele ya meza yako akakuambia dirisha lilikuwa upande wa pili. Labda mzee mmoja wa Kinyangiri, na huyo ningemkaribisha kwa chai.

Hata hivyo nenda ukaangalie majengo ya kweli kabla ya kugusa gundi. Pita kwanza kwa stesheni masta, msalimie, mweleze shida yako, na usitoe kamera mpaka akuruhusu. Mimi hutumia daftari na kalamu, na kwa kuchora unaona zaidi kuliko kwa kupiga picha. Tazama ukuta unapokutana na ardhi. Tazama paa limetokeza kiasi gani nje ya ukuta, na kivuli chake saa sita mchana kinaishia wapi. Angalia vumbi jekundu limepanda ukutani hadi usawa gani: kwa kawaida magotini, pale matone ya mvua yanaporusha udongo, na juu ya hapo ukuta unapauka kwa jua.

Sasa meza. Unahitaji wembe mpya au kisu cha kukatia karatasi, rula ya chuma, pembe mraba ndogo, msasa laini, vibanio vya nguo, gundi nyeupe ya mafundi seremala na supa glu kidogo kwa vyuma. Ghala la seti yangu lilikuwa la mita 10 kwa 6 kwa kipimo cha kweli, yaani milimita 115 kwa 69, na kazi ya ukubwa huo inatosha juu ya ubao wa kukatia nyama. Funga dirisha. Kipupwe cha Singida hakijali kwamba umetumia jioni nzima kukata mabati ya foili.

Kabla ya kuunganisha chochote, paka kuta rangi ya kwanza pande zote mbili, ndani na nje, na uziache zikauke chini ya kitabu kizito. Mbao nyembamba ikipata maji upande mmoja inajikunja, na katika hewa kavu ya huku, hasa Septemba na Oktoba, inajikunja ukiwa unaitazama. Kisha gundisha vijiti vya milimita 3 kwenye pembe za ndani, na kimoja katikati ya kila ukuta mrefu. Havitaonekana. Gundi nyeupe nayo hukauka haraka kuliko maelekezo ya kwenye boksi yanavyosema, kwa hiyo mimina kidogo kidogo.

Mteremko wa paa ndipo seti inapoanza kubadilika. Kuta za pembetatu zilikuwa na mteremko wa karibu nyuzi 45. Nilichora mstari mpya wa nyuzi 22 hivi, nikakata kwa kupitisha wembe mara nyingi kwa mkono mwepesi badala ya mara moja kwa nguvu, maana mbao hii hupasuka kufuata nyuzi zake. Bomba la moshi nililirudisha kwenye boksi. Halafu nikarefusha paa. Seti ilikuwa na milimita 3 tu nje ya ukuta, ambazo ni sentimita 26 za kweli na hazimkingi mtu wala gunia. Nilizifanya milimita 13 upande wa reli, zaidi kidogo ya mita moja, nikazishikilia kwa mikono ya mbao iliyoegemea ukutani. Njiti ya kiberiti ina unene wa milimita 2, ambazo ni sentimita 17 za kweli, nene mno, kwa hiyo ipasue katikati. Ukifanya jambo moja tu kati ya yote ninayosema hapa, fanya hili la paa. Kivuli kile kirefu na cheusi ukutani ndicho kinachomfanya mtu aseme "hii ni ya kwetu" hata kabla ya kujua kwa nini.

Jukwaa la mbao juu ya nguzo halikudumu dakika moja mbele ya swali la mchwa. Nilikata msingi kutoka kwenye kipande cha mbao ya paini, kimo cha milimita 12, ili sakafu ya ghala iwe usawa wa mlango wa behewa. Nikaupaka gundi, nikaukandika lipu ya unga wa chokaa, gundi na maji, na kabla haijakauka nikaichora mistari ya mawe kwa sindano. Mawe ya Singida ni matale, makubwa na ya kijivu yenye kuelekea pinki, kwa hiyo usichore matofali yaliyopangika. Chora vipande visivyolingana, upake kila kimoja rangi iliyotofautiana kidogo na ya jirani yake.

Mbao za ukutani nilizifunika kwa bati. Mbao nilibakiza penye kazi yake: kenchi za paa, milango miwili ya kuteleza, na fremu za madirisha. Hapo ndipo wengi hukwaruza kwa brashi ya waya ili nyuzi zionekane. Sipendi. Mkwaruzo unaoonekana kwa macho kwenye 1:87 ni ufa wa sentimita kadhaa kwenye mlango wa kweli. Chovya mbao kwenye spiriti uliyotia matone machache ya wino mweusi, uiache ikauke, basi. Inapata ukijivu wa mbao iliyopigwa na jua. Fundi seremala mmoja jirani yangu alinipa maranda ya mninga nitengenezee milango. "Mwanangu, hii haiozi," aliniambia. Kweli haiozi, lakini nyuzi za mninga ni kubwa mno kwa mlango wa milimita 28. Nilimshukuru, na maranda ya paini kutoka sakafuni kwake yakafanya kazi.

Bati ndilo linalouliziwa zaidi. Karatasi ya boksi la katoni haifai hata iwe nyembamba vipi, migongo yake ni mipana kupita kiasi. Bati la zamani la migongo ya duara lina karibu milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo. Kwa 1:87 hiyo ni milimita 0.87. Bolti ya M5 ina uzi wa milimita 0.8, na hiyo tofauti hakuna jicho litakaloiona. Chukua kile chombo cha foili cha kufungia chakula, kata kitako chake, kilaze juu ya mpira wa tyubu ya baiskeli, kisha viringisha bolti juu yake kwa kuikandamiza, mwendo mmoja tu. Uzi wa bolti umezunguka kwa mshazari, hivyo mistari itatoka imeinama kama nyuzi 3. Usihangaike kuirekebisha: kata bati kwa kufuata mistari badala ya kufuata ukingo wa foili. Vipande viwe vya milimita 9 kwa 28. Anza kuvipanga chini ukipanda juu, kila kimoja kikilalia mwenzake mgongo mmoja, kwa supa glu kidogo sana. Na tafadhali, usiweke bati la msauzi kwenye jengo la miaka ya 1970.

Kuchakaza bati ni suala la subira. Osha foili kwa siki ili rangi ishike, ipake kijivu kisichong'aa, kisha weka kutu kwenye viungo na kwenye misumari tu. Maji ya mvua hukaa pale. Hapa mvua ni ya miezi michache, kwa hiyo paa zima jekundu kwa kutu ni la pwani, si la Manyoni. Kinachochakaza bati la huku zaidi ni vumbi.

Na vumbi tunalo. Chota udongo mwekundu mkavu, uuchekeche kwa soksi ya nailoni, ukaange kwenye kikaango kizee kuua mayai ya wadudu, halafu pitisha sumaku iliyofungwa kwenye karatasi. Utashangaa chembe zinazonasa. Ukiziacha, zitaingia kwenye mota ya injini yako na kuimaliza. Nyunyiza udongo, ulowanishe kwa maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo, kisha dondoshea gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Bila sabuni gundi itajikusanya kuwa matone na kuchimba mashimo. Udongo uliogundishwa hukolea, kwa hiyo anza na uliopauka kuliko unaoutaka. Unaobaki, paka mkavu kwa brashi chini ya kuta hadi milimita 5 au 6, usawa ule wa magoti.

Mizigo inaeleza uko wapi kuliko kibao cha jina la stesheni. Asali ya Itigi na Manyoni iko kwenye madebe, na debe kwa kipimo hiki ni milimita 3 kwa 3 kwa 4. Alizeti na vitunguu viko kwenye magunia ya katani: finyanga udongo wa milimita 10 kwa 6, na uyapandanishe yangali mabichi ili yabonyee. Gunia la alizeti ni jepesi na limetuna, la vitunguu lina vinundu. Anayejenga stesheni ya miaka ya karibuni anaweza kuongeza lumbesa, kilemba chake kikiwa kimeshonewa wavu mwekundu. Wakala wa Vipimo wameikataza, lakini kwenye ubao wako wewe ndiye mkaguzi.

Wasio na mpwa Ujerumani wasikae pembeni. Vijiti vya aiskrimu vina unene wa milimita 2 na vinatosha kuta, kwa kuwa bati litavifunika. Vijiti vya mishikaki vinatoa mabomba na nguzo, na fremu za madirisha hukatwa kwenye karatasi ya kadi ya harusi, ambayo kila nyumba ya Tanzania inayo ya kutosha. Chora ramani kwanza kwa ukubwa halisi wa kazi, milimita 11.5 kwa kila mita, ibandike kwenye ubao, na jenga kila ukuta juu yake ukiwa umelala. Seti inakuokolea muda wa kukata tu. Paa, msingi na bati ungevifanya mwenyewe hata ungekuwa nayo.