Shule Ndogo ya Muziki Huanzia Kwenye Korali

Jioni ya siku ya mazoezi, ukiwa Minembwe, Fizi au Baraka, huku kwetu Kivu Kusini, utaisikia korali kabla hujaliona kanisa. Besi wamesimama ukutani, soprano mbele, na mwongoza nyimbo anawakatisha kwa makofi kila alto wanapoingia mapema. Hakuna aliyeshika karatasi. Wimbo mzima wa sauti nne umeingia vichwani kwa kusikiliza na kurudia, na mtoto wa miaka kumi aliyekaa mlangoni ameushika kabla ya wakubwa wake. Kwangu mimi hiyo ni shule iliyokwisha kuanza. Imekosa daftari, ratiba, na watu waliokubali kuiwajibikia. Nawaandikia wazazi, walimu na viongozi wa korali wanaotaka kuongeza hayo matatu, hata kama kijijini kwao hakuna gita hata moja.

Wengi husema tutaanza tukipata vyombo. Watazameni wenzetu wa Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa mwanzilishi wa Kanisa la Kimbanguiste, Simon Kimbangu, na aliyewahi kuwa rubani wa ndege, alianzisha Okestra ya Simfoni ya Kimbanguiste. Wanafunzi walikuwa wengi kuliko fidla, wakawa wanapokezana. Uzi ukikatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Mmoja wao alifungua besi kubwa ya nyuzi, akapima vipande vyake, akachonga nyingine. Mwaka 2010 filamu ya Wajerumani iitwayo Kinshasa Symphony iliwaonyesha kwa dunia wakipiga Beethoven. Kabla ya fidla walikuwa na kanisa lenye mazoea ya kuimba, na watu waliozoea kukutana siku zilezile kila wiki. Hayo mawili Minembwe inayo, na Baraka pia.

Somo la kwanza liwe sikio na solfa. Hapa kuna jambo la kukubaliana mapema, maana nimeona walimu wawili wazuri wakigombana kwalo mbele ya watoto. Aliyesoma kwa njia ya Kifaransa anajua kwamba do haihami: do ni noti moja tu kwenye kinanda, siku zote. Aliyejifunza katika korali za Tanzania, kama wengi waliorudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anatumia solfa ya herufi iliyoenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19. Kwake do huhama pamoja na wimbo. Wimbo ukipandishwa, do nayo inapanda. Hata noti ya saba wanaitofautisha, wa kwanza akisema si, wa pili ti. Kwa watoto wanaoimba bila chombo, ushauri wangu ni do inayohama, kwa sababu inafundisha uhusiano wa noti na noti, na mtoto anaweza kuanza popote sauti yake inapofika. Curwen aliweka pia ishara za mkono kwa kila noti, na hizo hazihitaji ubao wala chaki. Wale watakaoshika kinanda baadaye wafundishwe do isiyohama wakati huo.

Wavulana wa miaka 12 hadi 15 wapewe uangalizi wa peke yao. Sauti zao zinavunjika, na mwongoza nyimbo akiwalazimisha kubaki juu wataumia au wataacha. Washusheni taratibu, na wengine wapewe ngoma kwa miezi michache. Kila somo lianze na dakika kumi za kupasha sauti kwa kuvuma mdomo ukiwa umefungwa, na maji ya kunywa yawe karibu.

Sasa vyombo. Tuseme mna gita moja na watoto 12. Saa mbili za vyombo, baada ya kupasha sauti, zina dakika 120; kila mtoto ana dakika kumi za gita, hazipungui wala haziongezeki kwa sababu ni mtoto wa mchungaji. Mtu mmoja ashike saa na daftari la zamu. Wanaosubiri wapige mapigo ya sebene kwa makofi, au waweke vidole vya mkono wa kushoto kwenye kipande cha mti kilichochorwa nyuzi sita. Kinanda nacho kinaweza kuanzia kwenye katoni: chora funguo saba nyeupe zenye upana wa sentimita 16 na nusu kwa jumla, ongeza tano nyeusi, na vidole vitajifunza njia kabla ya sauti kupatikana. Gita ya kwanza ikifika, mwanafunzi aanze na akompanyima, yaani gita ya kushika mapigo. Kila kijana anataka solo, lakini anayeshika mapigo ndiye atakayeitwa na kila korali.

Kutunza vyombo kunatofautiana kati ya mlima na ziwa. Minembwe iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na usiku ni baridi na ukungu. Gita ikitolewa kwenye baridi ikawekwa ghafla juani au karibu na moto, mbao hupasuka au shingo hupinda. Iwekwe ndani ya gunia au blanketi, mbali na mafiga, na isiegemezwe kwenye ukuta wa udongo wenye unyevu. Ngozi ya ngoma hulegea kwa ukungu; ianikwe jua la asubuhi kabla ya kupigwa, na kama ni moto basi kwa umbali wa hatua kadhaa. Kule Baraka adui ni joto, jasho na unyevu wa Ziwa Tanganyika, na nyuzi hushika kutu upesi. Kitambaa kikavu baada ya kila zamu kinaongeza maisha ya nyuzi.

Kwa kinanda cha umeme, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kukiunga kwenye betri ya sola. Vingi vinataka volti 9 au 12. Betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa huvuka volti 14, na kinanda cha volti 9 kinaweza kuungua siku hiyohiyo. Nunueni kwanza kifaa kidogo cha kupunguza volti.

Ratiba ifuate maisha ya watu. Mlimani wako vijana wanaochunga ng'ombe hadi jioni, na wakati wa kupanda, shamba linawaita wote. Ziwani wavuvi wa ndagala hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika; somo la vijana wa familia hizo lipangwe siku za mwezi mpevu. Mahali penye Waadventista, msiweke somo siku ya Sabato. Na mtihani wa Serikali usiguswe. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari apunguziwe muziki miezi ya mwisho, kwa sababu bila diploma ya Serikali hata Institut National des Arts ya Kinshasa haitampokea.

Wasichana wataletwa na wazazi wakiona mambo mawili: wanarudi nyumbani kabla ya saa kumi na mbili jioni, na hakuna mwalimu anayefundisha mtoto mmoja chumbani mlango ukiwa umefungwa. Watu wazima wawili wawepo kila somo, mmoja wao awe mama anayeheshimika. Haya yaandikwe, yasomwe mbele ya wazazi, na yasivunjwe kwa ajili ya mtu yeyote. Katika maeneo yetu yaliyoshuhudia vita kwa miaka mingi, watoto waambiwe pia siku ya kwanza: mkisikia risasi, acheni gita, kimbieni na mwalimu wenu. Asirudi mtu kuchukua chombo.

Juu ya nyimbo nitapunguza aina moja tu. Darasa moja linaweza kuwa na Mbembe, Munyamulenge, Mfuliru na Mnyindu, na hilo ndilo jambo zuri kuliko yote ambayo shule hii inaweza kufanya. Kila mtoto alete wimbo mmoja wa nyumbani kwao, wa mavuno, wa harusi, wa kubembeleza mtoto au wa kusifu ng'ombe, aufundishe kwa lugha yake, kisha maana yake ielezwe kwa Kiswahili ili wote waijue. Wimbo wa kumdharau jirani usiingie mlangoni, hata ukiwa mtamu. Simon Bikindi, mwanamuziki maarufu wa Rwanda, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha mwaka 2008 kifungo cha miaka 15 kwa maneno ya kuchochea mauaji ya kimbari aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani mwaka 1994. Mwanafunzi wa muziki ajue mapema kwamba kipaza sauti kina uzito.

Fedha huua shule nyingi zaidi kuliko ukosefu wa vipaji. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kinachofundisha taarabu, kidumbaki na ngoma, kwa udi, kanuni na fidla. Kimewalea wanamuziki wengi wa kisiwa kile. Hata hivyo mwaka 2019 kilikaribia kufunga milango, kwa kuwa wafadhili walipungua na ada za wanafunzi hazikutosha. Kwa hiyo msiitegemeze shule kwa mfadhili mmoja. Minervali, yaani ada, iwe ndogo, na asiye na faranga alete maharagwe, viazi, au siku moja ya kazi kwenye shamba la mwalimu. Korali ikiitwa kwenye harusi, sehemu iliyokubaliwa iingie kwenye sanduku la nyuzi. Hesabu isomwe kila mwezi mbele ya wazazi. Mkishakuwa na mwaka mmoja wa kazi, mwoneni chifu na ofisi ya teritwari, muulize namna ya kuandikishwa chini ya sheria namba 004/2001 ya Julai 20, 2001, inayohusu mashirika yasiyo ya faida.

Atakayezidi wenzake ana pa kwenda. Rwanda ilifungua shule ya muziki Nyundo, karibu na Goma, mwaka 2014, na baadaye ikahamia Muhanga. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ina TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo kilichoanza mwaka 1981. Huko kote anayekuja akijua solfa anaanza mbele.

Jumapili ijayo, korali ikimaliza kuimba, ombeni dakika tano. Andikeni majina ya watoto 12 na ya watu wazima watatu, na mtangaze siku ya somo la kwanza.