Somo: Kujua Kilichopo Kabla ya Kuchimba Sakafu ya Bahari



Wengi wetu tumeshiriki kuandaa tathmini ya athari kwa mazingira, iwe kwa ajili ya bwawa, machimbo ya kokoto au kisima kirefu. Tunajua kwamba kazi ya kwanza ni kueleza hali ilivyo kabla mradi haujaanza. Katika somo hili tunaiangalia kazi hiyo mahali ambapo ni ngumu sana, yaani chini kabisa ya bahari kuu.

MADINI YENYEWE

Kati ya Hawaii na Meksiko, katika Bahari ya Pasifiki, lipo eneo liitwalo Clarion-Clipperton. Kina chake ni kama mita 4,000 hadi 5,500. Juu ya tope lake yametapakaa mawe meusi yenye ukubwa wa kiazi, yaitwayo vinundu. Ndani yake mna manganizi, nikeli, shaba na kobalti, ambayo hutafutwa kwa ajili ya betri na viwanda vya chuma. Kinundu hukua milimita chache tu kwa miaka milioni moja.

Eneo hili si mali ya nchi yoyote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unasema kwamba sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya mataifa ni urithi wa pamoja wa wanadamu wote. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaika. Tanzania na Kenya ni wanachama. Kwa hiyo yanayoamuliwa huko yanaamuliwa kwa jina letu pia.

NANI ANAISHI HUKO?

Kuna majongoo bahari, viti vya pweza, sifongo, minyoo na jamii za kamba. Baadhi yao hawawezi kukaa kwenye tope laini, hivyo hujishikiza kwenye vinundu. Mwaka 2016 watafiti walieleza habari za pweza wa sehemu nyingine ya Pasifiki, mbali na pwani ya Peru, anayetaga mayai kwenye mashina ya sifongo zilizokufa, ambazo ziliota juu ya vinundu. Jiwe likiondolewa, sifongo haina pa kuota, na pweza hana pa kutagia.

Utafiti wa mwaka 2023 ulikusanya kumbukumbu za aina 5,578 za wanyama katika eneo hilo. Takriban tisa katika kila kumi hazijapewa jina la kisayansi.

WANAVYOHESABU

1. Meli hushusha sanduku la chuma linalokata kipande cha tope, kwa kawaida sentimita 50 kwa 50. Tope huchekechwa na wanyama wadogo huhesabiwa.
2. Kamera hupiga picha za wanyama wakubwa.
3. Chembe za urithi hupimwa ili kutofautisha aina zinazofanana kwa macho.
4. Huchaguliwa eneo linganishi, yaani mahali pasipochimbwa, nalo hupimwa vilevile, kabla na baada.

MAJARIBIO YAMEFUNDISHA NINI?

Mwaka 1989 wanasayansi wa Ujerumani walilima kwa makusudi sehemu ya sakafu ya bahari mbali na pwani ya Peru. Waliporudi mwaka 2015, miaka 26 baadaye, matuta yalikuwa bado yanaonekana. Katika Clarion-Clipperton, njia za mashine iliyojaribiwa mwaka 1979 zilikutwa bado zipo mwaka 2023. Baadhi ya wanyama wadogo walikuwa wameanza kurudi, lakini wakubwa wanaoishi wamejishikiza walikuwa wachache sana.

Mwaka 2022 mashine nyingine ilijaribiwa katika eneo hilohilo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 yalionyesha kwamba ndani ya njia zake idadi ya wanyama wa kwenye tope ilipungua kwa asilimia 37, na aina zao kwa asilimia 32. Watafiti waliona pia kwamba idadi hubadilika yenyewe kwa nyakati, hata mahali mashine haikufika. Bila eneo linganishi, wasingeweza kutenganisha mabadiliko ya asili na madhara ya mashine.

TUNALOJIFUNZA

Kwanza, kipimo cha awali hakifanyiki baada ya kazi kuanza. Mnyama aliyetoweka kabla hajajulikana hawezi kuandikwa katika hasara.

Pili, tafiti nyingi za namna hii hulipiwa na kampuni zenye mikataba ya kutafuta madini. Jambo hilo peke yake halibatilishi matokeo. Lakini ni sababu ya kudai takwimu ziwe wazi na zichunguzwe na wengine.

Tatu, athari ya mwezi mmoja si athari ya miaka 40. Tathmini inayoishia siku ya makabidhiano haijamaliza kazi yake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mradi wenu wa karibuni, ni nini kilipimwa kabla ya kuanza? Takwimu hizo ziko wapi leo?
2. Je, mlikuwa na eneo linganishi? Kama hamkuwa nalo, mtajuaje kilichosababishwa na mradi?
3. Dunia inahitaji betri, na vinundu havioti tena. Mngemshauri nini mjumbe wa nchi yetu anayekwenda Kingston?