Taa ya Gari Inapofifia: Namna ya Kutafuta Hitilafu ya Umeme

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Tabora iliondoka kambini alfajiri, na kwa kawaida wapagazi walitua mizigo yao kabla jua halijawa kali. Usiku katika pori la miombo haukuwa wakati wa safari. Siku hizi magari hupita usiku katika njia zitokazo Tabora kwenda Nzega, Sikonge na Urambo. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Taa zake zikififia, dereva humwona mwendesha baiskeli akiwa amechelewa mno kusimama.

Chukulia kwamba gari limeletwa katika karakana moja ya mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora, likiwa na taa moja ya mbele iliyo hafifu. Balbu imebadilishwa mara mbili, na taa ingali hafifu. Je, fundi aanzie wapi?

Njia ya mkondo

Mkondo wa umeme hutoka katika nguzo chanya ya betri, hupita katika fyuzi, swichi na rilei, kisha huingia katika balbu. Haukomi hapo. Lazima urudi katika nguzo hasi ya betri, na njia ya kurudia ni bodi ya gari lenyewe, ambayo mafundi huiita ethi. Njia hii ikikatika popote, taa huzimika. Ikibanwa mahali, taa hufifia.

Kutazama kabla ya kugusa

Dalili zenyewe hueleza mengi. Taa zote mbili zikizimika pamoja, ni nadra balbu mbili kuungua kwa wakati mmoja. Yafaa kuchunguza sehemu zinazotumiwa na taa zote, yaani fyuzi, rilei na swichi. Ikizimika moja tu, sehemu hizo za pamoja huenda ni nzima, na hitilafu itafutwe katika balbu, kishikio chake, waya wake au ethi yake. Taa ikiwaka kwa mwanga mkali lakini ikakataa ule wa chini, yamkini uzi mmoja wa balbu umekatika. Taa ikiwa hafifu, kama katika mfano wetu, mkondo unapita, ila kuna ukinzani usiotakiwa njiani.

Kipimo kinachodanganya

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Fundi huchomoa balbu, huweka voltimita katika kishikio, naye huona volti 12 kamili. Huamua kwamba waya ni nzima na kulaumu balbu. Kwa nini kipimo hicho kimemdanganya?

Jibu limo katika kanuni iliyotangazwa na Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827: volti inayopotea mahali ni sawa na mkondo mara ukinzani wa mahali hapo. Balbu ikiwa imechomolewa, karibu hakuna mkondo unaopita, kwa maana voltimita hupitisha kiasi kidogo mno. Pasipo mkondo, hata kutu nene haipotezi volti.

Sasa balbu irudishwe. Balbu ya wati 55 kwa volti 12 hupitisha ampea 4.6 hivi; kwa hiyo ukinzani wake ikiwa inawaka ni omu 2.6. Kutu iliyoko kwenye bolti ya ethi ikiongeza omu 0.5, jumla ni omu 3.1, na mkondo hushuka hadi ampea 3.9. Kutu hupoteza volti 1.9, na balbu hubakiwa na volti 10 tu. Mwanga wa balbu hupungua kwa kasi kuliko volti. Kwa volti 10, balbu hutoa karibu nusu tu ya mwanga wake.

Namna sahihi ya kupima

Kwa hiyo kipimo kifanywe taa ikiwa imewashwa. Ncha moja ya voltimita iwekwe kwenye nguzo hasi ya betri, na nyingine kwenye waya wa ethi penye kishikio cha balbu. Sindano isimame karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, ethi ina kasoro. Kisha upande wa chanya upimwe vivyo hivyo, kutoka nguzo chanya hadi waya wa chanya wa balbu. Ikumbukwe kwamba katika baadhi ya magari ya Kijapani swichi imewekwa upande wa hasi.

Vumbi la kiangazi na mvua zinazoanza Novemba huleta kutu kwenye bolti za ethi. Dawa yake ni rahisi: bolti ifunguliwe, rangi na kutu zikwanguliwe mpaka chuma king'ae, ikazwe, kisha ipakwe grisi.

Onyo kuhusu fyuzi

Fyuzi huyeyuka ili waya zisiungue. Anayeweka kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi hajatengeneza taa. Ameugeuza waya wa gari kuwa fyuzi, na waya huo ukipata moto huwasha mpira unaoufunika. Fyuzi ikikatika tena na tena, patafutwe mahali ambapo waya umechubuka na kugusa bodi.

Zoezi

Gari lina taa mbili hafifu. Zikiwa zimewashwa, upande wa chanya wa kila taa unapoteza volti 1.8, na upande wa hasi volti 0.1. Hitilafu iko wapi?

Jibu: Ethi ni nzima. Kwa kuwa taa zote mbili zimeathirika sawasawa, kasoro imo katika njia yao ya pamoja upande wa chanya: kishikio cha fyuzi, swichi, rilei au maungio yake. Fundi apime kipande kimoja baada ya kingine. Kile kinachopoteza volti ndicho cha kutengenezwa, na hakuna haja ya kununua balbu.