Gesi ya Songo Songo na Mkondo wa Amali

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, mwaka ule ule wa Azimio la Musoma lililotaka elimu iambatane na kazi. Ilipita miaka 30 kabla gesi hiyo haijaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam, mwaka 2004. Sehemu ya bomba hupita baharini, na maji ya chumvi huharakisha kutu. Hivyo mtunzaji wake sharti ajue kemia, si uchomeleaji pekee. Sera ya Elimu, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali kando ya ule wa jumla. Hatari ni kuuona kama jaa la walioshindwa sayansi. Mwalimu wa Kilwa Masoko aweza kuanza na misumari miwili: mmoja katika maji ya kisima, wa pili katika maji ya bahari, kwa juma moja.