Mshahara wa Muscat Si Pesa ya Msimu

Haya wadogo zangu wa Nachingwea na Ruangwa, leo tuongee hela. Siyo ya korosho, hiyo mnaijua kuliko mimi. Naongelea hela ya ugenini. Meseji zenu zinafanana: mmoja kapata mkataba wa kazi za ndani Muscat, mwingine ana ndugu Uingereza anamvuta, wa tatu anakwenda kusoma India. Na maswali ni yale yale. Nitume kiasi gani nyumbani? Mjomba nimwambieje? TRA watanidai? Sitamjibu mmoja mmoja, nachanganya; kila mtu achukue kinachomhusu.

Nianze na tabia yetu. Watu wa kusini tumelelewa na pesa inayokuja kwa mkupuo. Oktoba minada inafunguliwa, chama kikuu chetu cha RUNALI kinauza, malipo yanashuka kwenye akaunti za wakulima, na kwa wiki kadhaa mji mzima una bati jipya na bodaboda mpya. Kuna watu wa mikoa mingine wanatucheka na hadithi ya mkulima wa korosho anayemnywesha mbuzi wake soda. Siipendi hadithi hiyo. Mkulima anayepokea pesa mara moja kwa mwaka ana madeni ya miezi tisa yanayomsubiri mlangoni: dukani, shuleni, kwa vibarua wa palizi. Anatumia kwa mkupuo kwa sababu anadaiwa kwa mkupuo. Kwa maisha ya shamba, hiyo ni hesabu yenye akili zake.

Tatizo linaanza ukiibeba hesabu hiyo ukapanda nayo ndege. Mshahara wa ugenini ni mdogo mdogo, unarudi kila mwezi, na mkataba wa kazi za ndani Ghuba kwa kawaida ni wa miaka 2. Ukituma mshahara wote wa mwezi wa kwanza, nyumbani wataona msimu umefika. Mwezi wa pili watasubiri msimu mwingine. Wa tatu hautumi, wanasema umebadilika, Waarabu wamekuharibu. Hujabadilika wewe, ulianza vibaya tu.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mkataba wako unasema rial 80 kwa mwezi. Rial ya Oman imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1986: rial 1 ni dola 2.6, haipandi wala haishuki. Kwa hiyo rial 80 ni kama dola 208, mwezi huu na mwezi ujao. Inayocheza ni shilingi yetu. Katikati ya mwaka 2024 dola moja ilivuka shilingi 2,600. Ilipofika Desemba ikawa kwenye 2,400 hivi. Dola 208 zile zile zilizokuwa zinakaribia shilingi 550,000 zikawa kama 500,000. Aliyemwahidi fundi wa Ruangwa malipo ya kila mwezi kwa shilingi alijikuta anapungukiwa, na kule Muscat hakuna aliyemkata hata baisa moja. Usimwahidi mtu shilingi kamili wakati unalipwa rial. Sema, "Nitatuma rial kadhaa, itakayotoka ndiyo hiyo."

Sasa nitume kiasi gani? Mimi nasema isizidi nusu, na miezi ya mwanzo isifike hata huko. Kabla ya bati, kabla ya unyago wa mdogo wako, weka kando nauli ya kurudi. Najua inasikika kama uchuro kumwambia mtu anayeondoka aanze kufikiria kurudi. Lakini mfumo wa kafala unaujua? Kibali chako cha kuishi kinashikwa na mwajiri. Human Rights Watch walitoa ripoti mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Emirati, na mambo waliyoyaandika ni haya: pasipoti kuchukuliwa, mshahara kucheleweshwa au kulipwa pungufu, na anayetaka kuondoka kabla ya mkataba kuisha anaambiwa arudishe kwanza gharama za kuletwa. Si kila nyumba iko hivyo, wapo wanaofanya kazi kwa amani miaka kumi. Ila mwenye nauli yake ana sauti ambayo asiye na nauli hana.

Na nauli hiyo isikae kwa mwajiri eti "nitakutunzia". Wala isikae kwa kaka. Kabla hujaondoka nenda benki na namba yako ya NIDA, fungua akaunti kwa jina lako, na kadi uondoke nayo. Laini yako ya simu ya Tanzania uondoke nayo pia. Hapo wengi wanajikwaa: anamwachia mdogo wake laini "ili asikose vocha", anasahau kwamba namba za siri za benki na pesa za simu zote zinaingia kwenye laini hiyo. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, kwa hiyo hakikisha inaongezwa salio hata kidogo na unaiwasha mara kwa mara.

Kuhusu wakala. Kangomba mnaijua: njaa imebana, mtu anakuja na bakuli lake na noti mkononi, anachukua korosho zako kwa bei ya kutupa. Wakala anayekulipia pasipoti, nauli ya Dar, nguo na simu, halafu anasema "utanilipa kwa mishahara yako ya mwanzo", ni kangomba yule yule, kabadilisha bakuli. Pasipoti ni shilingi 150,000. Uza ufuta wako ulipie mwenyewe. Kazi za ndani Ghuba, gharama za kumleta mfanyakazi kwa kawaida ni za mwajiri, hivyo anayekudai wewe muulize anakudai nini. Mkataba upitie TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, na ubalozi wetu, na nakala moja ibaki kwa mama, siyo kwenye simu yako peke yake.

Tuje kwenye kodi, na hapa nawaomba msiogope, kwa sababu mtu wa korosho anajua makato kuliko karani wa Dar. Bei ya mnada unaisikia redioni. Mkononi inafika nyingine baada ya chama cha msingi, chama kikuu, ghala na ushuru wa halmashauri. Mwaka 2018 wabunge wetu wa kusini walisimama bungeni kugombania ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, na vijijini watu walifuatilia kwenye redio. Basi ukiambiwa mshahara wa ugenini, uliza vile vile: hiyo ni bei ya mnada au ya mkononi?

Oman leo hakuna kodi ya mapato kwa mtu binafsi. Mwaka 2025 Sultani alitoa amri ya kuianzisha, ya kwanza Ghuba nzima: asilimia 5, kuanzia Januari 2028, kwa kipato kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka. Wewe wa rial 80 unapata 960 kwa mwaka. Lala usingizi. Utakayokutana nayo ni ile ya dukani: VAT ya Oman ni asilimia 5 tangu Aprili 2021, na Saudia ni asilimia 15 tangu Julai 2020. Lakini kutokatwa kodi kuna upande wake wa pili ambao mawakala hawausemi: usitegemee kwamba kuna mtu huko anakuwekea pensheni ya uzeeni. Miaka kumi ya Muscat inaweza kuisha ukarudi Nachingwea huna hata mchango mmoja wa NSSF. Mpango wa hiari upo kwa waliojiajiri na wasio na mwajiri rasmi. Jiandikishe kabla hujaondoka, uchangie kwa simu.

Uingereza ni habari nyingine. Ndugu anakuambia pauni 2,000 kwa mwezi, unazidisha kwa shilingi unachanganyikiwa. Zidisha vizuri. Pauni 2,000 kwa mwezi ni 24,000 kwa mwaka. Pauni 12,570 za kwanza hazitozwi; zinazobaki zinakatwa asilimia 20 ya kodi na asilimia 8 ya bima ya taifa. Jumla yake ni kama pauni 3,200. Kwa hiyo mkononi ni kama 1,730 kwa mwezi, na hapo hujakatwa pensheni, hujalipa chumba, hujanunua koti. Simsemi ndugu yako kuwa muongo. Amekutajia bei ya mnada tu.

Na TRA? Sheria yetu ya Kodi ya Mapato inaangalia kama wewe ni mkazi kwa mwaka husika. Ukikaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka, ni mkazi. Ukiwa na makazi ya kudumu hapa na ukafika hata kwa likizo tu, unaweza kuhesabiwa mkazi pia. Mkazi anaangaliwa kipato chake cha dunia nzima, asiye mkazi anaangaliwa kile kinachotoka Tanzania. Tanzania ina mikataba ya kuzuia mtu kutozwa mara mbili na nchi kama India, Afrika Kusini, Zambia, Kanada, Sweden na Norway. Uingereza haimo. Anayelipwa pesa nzuri huko nje na bado anakuja kuishi miezi mingi hapa, aende ofisi ya TRA aulize kwa sauti. Kuuliza hakutozwi. Ila pesa ya matumizi unayomtumia mama si mshahara wake wala biashara yake, asitishwe na mtu.

Kitakachodaiwa hapa ni kile ulichokijenga hapa. Umepangisha vyumba Ruangwa, pango lina kodi ya zuio: asilimia 10 kwa mkazi, 15 kwa asiye mkazi. Umefungua duka, chukua TIN hata kama mauzo hayafiki milioni 4 kwa mwaka, ambapo hutozwi. Nyumba yenye umeme inakatwa kodi ya jengo kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kwa kuwa anayenunua umeme ni mpangaji, elewaneni mapema msije mkagombana. Waliosoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, deni halibaki uwanja wa ndege. Lipeni kidogo kidogo.

Anayeona kodi za ugenini ni uonevu aangalie pale Ruangwa kwenye mgodi wa kinywe. Wageni wanaokuja kufanya kazi wanakatwa na TRA mshahara wanaoupata kwenye ardhi yetu. Ndivyo dunia ilivyo, kodi inafuata jasho lilipodondoka. Nachingwea ilishawaona wenye mishahara ya nje tangu Waingereza walipokuja na mradi wao wa karanga mwaka 1947, na reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukafutwa na pauni milioni 36 zikapotea, na miaka ya 1960 hata reli ikafungwa. Walioajiriwa huko wakaamka hawana kazi. Mikataba huisha, hata ya serikali ya Mfalme.

Pesa inayobaki iende wapi? Wengi mnakimbilia nyumba, na mapagala yamejaa njia yote, ukuta umefika kwenye linta, mwenyewe yuko Dubai, fundi ana simu mpya. Mimi ningeanza na mikorosho. Miche iliyobebeshwa inayotoka kituo cha utafiti cha Naliendele inaanza kuzaa ndani ya miaka michache, siyo ile ya kusubiri mpaka uote mvi. Lakini mkorosho hauzai kwa kutumiwa salamu: tenga pesa ya palizi na ya salfa kila mwaka, umlipe mtu, usimwombe ndugu akusaidie bure. Kinachobaki kiweke mahali ambapo si rahisi kukiomba: vipande vya UTT AMIS, ambao mfuko wao wa Umoja upo tangu 2005, au ukifikisha milioni 1, hatifungani ya serikali. Ndugu anayejua una laki tatu kwenye simu ataumwa. Anayejua ziko kwenye hatifungani ataenda zahanati.

Sasa mjomba. Hili ndilo linalowaliza wengi, na wale wa mikoa mingine hawalielewi. Kwetu Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde ukoo unapita kwa mama, na mjomba ana kauli. Yeye ndiye atapiga simu kuhusu unyago wa mpwa, kuhusu msiba, kuhusu mpwa mwingine anayetaka nauli. Hakukosei, anafanya kazi yake ya mjomba. Kosa ni kumsubiri apige simu ukiwa jikoni kwa mtu, umechoka, unaogopa kulia. Kutoka mbali hakuna anayeweza kusema hapana kwa mjomba wake. Kwa hiyo kaa naye kabla hujaondoka, mama akiwepo, na karatasi yenye tarakimu. Mwambie hivi:

"Shikamoo mjomba. Mshahara wangu ni huu, makato ni haya. Kila mwezi nitamtumia mama kiasi hiki, na cha ukoo kimo humo humo, mtakaa mgawane. Mwaka mzima nina fungu moja la shughuli. Mkitaka liende kwenye unyago, litaenda. Mkitaka liende kwenye msiba, litaenda. Likiisha nisipigiwe simu mpaka mwakani."

Atanuna. Mwache anune ukiwa bado Nachingwea, maana akimaliza utampikia, mtakula. Kununiana kwenye simu ya Muscat kunaweza kuchukua mkataba mzima.

Na wewe wa Uingereza uliyeniuliza kuhusu milioni 6 za "viza ya kulea wazee": Uingereza ilifunga kuajiri walezi wapya kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Kama hujampa huyo anayezitaka, usimpe. Kama umeshampa, chukua meseji na risiti zote uende polisi Jumatatu, na usimpigie kwanza kumwambia.