Dondoo Muhimu: Kufungua Vifungashio vya Chakula na Dawa Uzeeni

Katika miji iliyo karibu na Mlima Kenya, kama vile Karatina, Nanyuki na Nyeri, iliyo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Juni hadi Agosti huwazidishia ukakamavu wa vidole wazee wengi wenye yabisi, yaani ugonjwa wa kuvimba na kuuma kwa viungo, hivyo inafaa mikono ipashwe joto kabla ya kufungua chochote.

Dawa ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Kifuniko cha usalama, ambacho hubonyezwa huku kikizungushwa ili watoto wasiweze kukifungua, huwashinda pia wazee, na mfamasia anaweza kuombwa atie kifuniko cha kawaida, mradi chupa iwekwe mahali wajukuu wasipofikia. Vidonge vilivyofungwa kimoja kimoja visitolewe vyote mapema bila ushauri wake, kwa kuwa baadhi huharibiwa na unyevu wa hewa.

Pakiti ya maziwa ikatwe kwa mkasi, kamwe si kwa meno. Kifuniko cha chuma cha chupa ya jemu kichovywe katika maji ya moto kiasi, kwa sababu chuma hutanuka kuliko kioo, kisha kishikwe kwa glavu ya mpira.

Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inawapa wazee haki ya kutunzwa na familia na Serikali. Jamaa na wasaidie bila kungoja kuombwa.